Vifaru Mia Tatu

Shoga, nimejifungia stoo ya chaki.

Nilikuwa nasahihisha madaftari ofisini kama kawaida, redio ikatangaza habari za vita: leo jeshi letu limeteketeza vifaru arobaini vya adui. Walimu wote wakapiga makofi.

Mdomo ukaniponza. Nikasema, "Jumla sasa ni mia tatu. Siku ya kwanza walituambia adui ana mia mbili."

Mia mbili, shoga! Hesabu ya darasa la tatu.

Mwalimu wa historia akauliza, "Dada, wewe uko upande wa nani?"

Nikajibu, "Wa hesabu." Mimi, ambaye hata kuomba chumvi naona haya.

Mkuu akaniamuru nimwombe radhi mama karani, maana mwanawe yuko vitani. Yeye ndiye hupiga makofi kuliko wote.

Nikamwendea. "Mama, nisamehe."

Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Usiniombe radhi, mwanangu. Wiki ya tatu hii hajanipigia simu. Makofi nayapiga nisije nikalia. Mimi nataka niambiwe ukweli, hata kama ni kaburi."