Nilimimina Nzi wa Binti Yangu, Lawama Kaibeba Mwingine

Mshauri wetu, naomba unisaidie na usinicheke kabla hujamaliza kusoma. Mimi shule niliishia njiani, lakini kitinda mimba wangu ni mtafiti, na si mtafiti wa kubahatisha, anachunguza vinasaba vya nzi, wale wadogo wa kwenye ndizi zilizoiva, anataka kujua kwa nini ukiwapa bakteria wasiosikia dawa nzi mmoja anakufa na mwenzake anadunda tu, na siku akijua, wagonjwa hospitalini watamshukuru, nami nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.

Sasa, mwezi uliopita kiyoyozi cha maabara yao kiliharibika, akaja nyumbani na chupa mbili, nzi wazima tu, bakteria walibaki huko huko wamefungiwa, akaziweka juu ya kabati langu la vyombo, akasema, "Mama, hii ya majike, hii ya madume. Hawa majike hawajawahi kukutana na dume, nimewatenga tangu walipotoka kwenye ganda. Usiziguse." Nikasema sawa mwanangu. Alipotoka tu akaingia jirani yangu tunayemwita Redio, ambaye mwanawe anauza bima na kwa kumsifu hatupi nafasi ya kupumua, akaziona akasema, "Mwenzangu, yaani kusoma kote kule ni kufuga nzi?" Mshauri, damu ilinipanda. Nikachomoa pamba ya chupa ya majike ili aone yale macho mekundu, nzi kama kumi wakatoka wakaenda zao dirishani, Redio akacheka mpaka akakaa chini. Nikaona pengo litajulikana, nikachukua chupa ya pili nikamimina kidogo humo kuziba, maana kwa macho yangu nzi ni nzi.

Basi chupa zikarudi kazini, fundi wa maabara akazipokea, siku chache baadaye ile ya majike imejaa funza. Binti yangu akarudi hataki kula, anasema kazi ya miezi mitatu imeharibika, na huyo fundi, mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye aliyechanganya, kila akiulizwa anasema hajagusa na hakuna anayemwamini. Jumatano mkubwa wao anaamua kama amwondoe. Mwanangu ananiambia, "Mama, hata haya hana." Nami namimina chai. Nikisema ukweli hataniletea tena habari za kazi yake, na habari hizo ndizo ninazoishi nazo. Nifanyeje?

Mama wa Mtafiti

JIBU

Mama, nimecheka, tena pale pa kuziba pengo. Umetoa wasichana kumi bwenini ukajaza wavulana, halafu unashangaa kuna watoto. Kujivunia mwanao sikukatazi. Mtoto wa namna hiyo hata mimi ningemtembeza mtaa mzima.

Kilichonikera si chupa, ni chai. Mtu asiye na kosa anaambiwa hana haya, na asiye na haya yupo hapo hapo mezani ameshika birika.

Unaogopa hatakuletea habari. Habari anayoihitaji sasa unayo wewe. Hajui majike wake walichanganyika lini, kwa hiyo anashuku kila chupa kule kazini, hata zilizo salama. Mwambie leo, kabla hajavua viatu: chupa ipi, siku gani, wangapi walitoroka, ulimimina kiasi gani. Usipunguze idadi kwa aibu, ukimdanganya mtafiti idadi umemharibia mara ya pili. Ataimwaga chupa hiyo aanze na majike wengine, na nzi hawachelewi kuzaa, hilo umeshaliona. Atanuna, mwache anune. Usimwambie ulifanya kwa mapenzi, wala usimtaje Redio. Mkono uliochomoa pamba ni wako.

Jumanne, usingoje Jumatano, nenda naye kazini. Fundi yule alisemwa mbele za watu, kwa hiyo usimvute pembeni kumnong'oneza. Mlangoni watakuuliza wewe ni nani, nami najua jibu unalo mdomoni tayari. Siku hiyo limeze. Sema wewe ndiye uliyefungua chupa.