Picha za Msiba Kutoka Mbali

Mpendwa Mama,

Kacha! Ndivyo konveta yako ilivyolia ikijifunga kati ya kamera na lenzi, na mlio huo haujanitoka masikioni. Nausikia hata sasa, Kaka Daudi anaponiuliza kila siku ziko wapi picha za maziko yako, awatumie ndugu wa Mwanza ambao hawakuwahi kufika.

Konveta hiyo uliinunua miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu kutoka nje. Kipande kifupi cha chuma na vioo, kinaenea kiganjani, chenye kazi moja: kumvuta aliye mbali aonekane karibu mara mbili. Wapiga picha wenzako wa Makole waliitamani kwa ajili ya mpira. Wewe uliipeleka msibani.

Nakumbuka maziko ya yule mwalimu, Kongwa, nikiwa likizo ya kidato cha tatu. Jeneza halijafika, mpiga picha mwingine alishakaa ukingoni mwa kaburi. Wewe ukasimika stendi ya kamera kule kwenye mabua ya mtama.

"Mama Daudi! Huko unapiga picha mbuzi?"

"Mbuzi nawaona vizuri," ukamjibu. "Wewe angalia usizikwe na kamera."

Nilikuuliza kwa nini tujitese. Konveta ilikula mwanga, kwa hiyo ulilazimika kuacha shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, wazi kwa muda zaidi, na mtikisiko wowote uliharibu picha. Na upepo wetu unaujua. Ulining'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi, ukabana pumzi, ukasubiri vumbi litulie. Picha nyingi zilikupita hivyo, wala hukuzikimbilia.

"Aliyefiwa ana haki ya kulia bila kukodolewa macho," ulisema, jicho likiwa kwenye kamera.

Mjane alipokuja studio, aliitazama picha moja kwa muda mrefu: mkono wake juu ya jeneza, kidole gumba kikipapasa ubao.

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Mbona sikukuona?"

Ukamfungia picha zake kwenye bahasha. Nimesoma mpaka chuo, Mama, na sijasikia sifa ninayoitamani kuliko swali lile.

Siku yako nilitaka kukufanyia vivyo hivyo. Nilisimika stendi nyuma ya makaburi ya zamani, nikapachika konveta, nikapima mwanga. Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Nikamtafuta mdogo wangu, Neema. Akaja karibu sana ndani ya kioo, nikaziona hata kope zake. Alikuwa ameshika udongo mkononi, hautupi. Anageuka kulia, anageuka kushoto. Shangazi walikuwa wameshikana wao kwa wao. Ubavuni kwake hapakuwa na mtu. Nilijua anamtafuta nani.

Bila konveta yako nisingeuona uso ule. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikakiondoa, nikaiacha kamera palepale, nikashuka mbio kati ya watu mpaka nikamshika kiuno. Udongo tuliutupa pamoja.

Leo asubuhi nimemwambia Kaka kwamba picha hakuna.

"Hata moja?"

"Hata moja, Kaka."

Pumzika, Mama.

Binti yako mkubwa