Sampuli Namba 14

Shoga, uko? Usinipigie, nimejifungia chooni hapa kazini nalia, sitaki wanisikie.

Nimeyakataa majani ya mama. Mimi. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Si unaijua stevia yake, yale majani matamu aliyoyahangaikia mwaka mzima? Hapa maabara sampuli zinakuja na namba tu, jina hakuna. Nikafungua namba 14, ikanuka uvundo. Kupima unyevu, uko juu. Kwenye darubini, ukungu mtupu. Nikaandika HAYAFAI, nikagonga muhuri. Nikamwambia mwenzangu, "Huyu kayaanika chini ya kitanda nini?" Tukacheka.

Nilicheka, shoga!

Sasa hivi mama kanipigia. "Mwanangu, yangu wameyakataa. Ile namba kumi na nne."

Akasema, "Na nilifanya vilevile ulivyoniambia. Sikuyaanika juani. Niliyatandaza chumbani kwako, nikafunga na madirisha jua lisiingie."

Ni mimi niliyemwambia jua linayaharibu, ayaanike kivulini. Sikumwambia kivuli chenye upepo. Upepo tu, shoga, nikasahau kuutaja!

Halafu hana hata hasira. Ananiuliza kwa upole, "Huyo aliyepima unamfahamu? Hebu niulizie nilikosea wapi, mwakani nisirudie."

Nikamjibu namfahamu. Nikamwambia nitamuuliza.

Sasa amekaa huko na simu mkononi, anasubiri nimwambie huyo mtu kasemaje.