Lori la Babu Mutisya

Irving, Texas
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Nakusalimu na wewe Mwende, dada yangu, kwa sababu najua ni wewe uliyeshika karatasi hii, na Baba ameinamisha kichwa upande mmoja anasikiliza. Soma polepole, na usiruke mahali nilipojisifu. Huko mbele nimejisifu sana.

Sisi huku tu wazima. Mkaza mwanao Nduku anafanya kazi siku nne kwa wiki na mgongo unamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mjukuu wako Mumbua ametimiza miaka kumi. Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu ni Kiingereza. Ukimwambia akaoge anakujibu "five minutes", na hizo dakika tano huisha kesho yake. Joto limeanza na mlango wa gari ukiushika mchana unakuunguza.

Macho je, Baba? Mwende ameniambia la kushoto limezima kabisa, na la kulia linaona mwanga wa mlangoni tu. Daktari wa Machakos amesema presha ya macho ikishakula hairudishi. Hilo nimelikubali, ingawa kwa uchungu. Nililoshindwa kulikubali ni lile la pili, kwamba umeacha kuchonga. Kwamba umemwambia Mama awaite vijana wa chama cha wachongaji waje wagawane patasi na tezo zako, nawe siku hizi unakaa bandani na mikono mapajani. Mikono ile, Baba!

Ndiyo sababu barua hii imekuja na sanduku. Amelibeba Mwikali, yule nesi wa Mansfield ambaye kwao ni Masii. Nimemwambia alipakate ndani ya ndege, asiwape watu wa mizigo hata wakimbembeleza. Msilifungue kabla ya kumaliza kusoma. Mwende, nakujua.

Mwaka jana nilipokwambia kwenye simu kwamba Jumamosi zangu naunganisha magari madogo ya plastiki, ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Kumbe umevuka bahari ukacheze na vigari!" Nilicheka na mimi, lakini iliniuma. Wewe umechonga tangu ukiwa kijana, Wamunyu nzima inakujua, na mimi ni mwanao wa kiume niliyeshindwa kutoa hata twiga mmoja. Unakumbuka? Twiga wangu wote walitoka bila masikio. Uliniambia, "Kioko, wewe soma tu." Hukusema kwa ubaya, lakini nimeyabeba maneno hayo mpaka Amerika.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna mzee mmoja, Mzungu wa hapahapa Texas, jina lake Walter. Chumba chake kimejaa vifaru, malori na jeep za vita, zote za plastiki, zote amezijenga mwenyewe. Mikono yake siku hizi inatetemeka. Siku moja nilikuwa namfunga viatu, akaniomba nimshikie kipande kidogo cha gurudumu akipake gundi. Nikakishika. Akaniambia, "Mkono wako hautikisiki." Baba, nilitaka kukupigia simu palepale! Hakuna mtu aliyewahi kuusifu mkono wangu.

Akaanza kunifundisha kila Jumamosi nikimaliza zamu. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu, unavikata kimoja kimoja kwa koleo ndogo, unakwangua, unapiga msasa, unajaribisha kwanza bila gundi. Ukiona haraka imekushika, unaacha na kwenda kunywa chai. Wewe ulinifundisha hayohayo, ila wakati ule nilikuwa sisikii.

Siku moja nikamwonyesha Walter ile picha ya ukutani kwenu sebuleni, ambayo Mwende alinitumia kwa simu. Babu Mutisya akiwa kule Bama, upande wa Asia, wakati wa vita vya pili vya dunia, amesimama mbele ya lori lake, mguu mmoja juu ya bampa. Walter akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine. Akasema lori hilo lilitengenezwa Kanada kwa ajili ya jeshi la Mwingereza, na analijua hata kwa umbo la pua. Akampigia simu rafiki yake wa Houston anayekusanya vitu hivyo, na baada ya wiki mbili sanduku likafika, vipande zaidi ya mia nne. Ni kipimo cha moja kwa kumi na sita, yaani kila futi kumi na sita za lori la Babu ni futi moja ya langu.

Nilijenga miezi minane. Meza ya kulia chakula iligeuka gereji. Nduku alikuwa akisema, "Baba Mumbua, leo tunakula juu ya injini ama tunakula wapi?" Kuna kirungu cha gia kilichoniruka kikaingia kwenye zulia, nikakitafuta siku mbili kwa magoti, na alikipata yeye, kimenasa kwenye soksi yake. Mpaka leo anadai lori ni letu sote. Mwachieni, ni haki yake.

Mwezi uliopita lilikuwa limekamilika, limepakwa rangi, paa limefungwa. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mashindano ya wajenzi hawa katika ukumbi mmoja huko Carrollton, na Walter alikuwa ameshaliandikisha kwa jina langu. Unakumbuka Jumapili ile nilipokupigia simu nikakuuliza habari za Babu? Nilitaka maneno machache tu ya kuandika kwenye kadi. Ukaniambia jinsi alivyopenda kuendesha mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha, mpaka siku walipopita msitu wa mianzi na mwanzi uliovunjika ukamchana kutoka kiwiko hadi kifundo. "Mkono wa kulia," ukasema, "kovu lile nililishika kila siku ya utoto wangu." Ukaita, "Haloo? Haloo?" ukadhani mtandao umekatika.

Haukukatika, Baba. Nilikuwa nalitazama lori. Mkono wa kulia nje ya dirisha maana yake usukani uko kulia, kama magari yote ya nyumbani. Na mimi nilikuwa nimeuweka kushoto! Sandukuni zilikuwamo sehemu za pande zote mbili, mjenzi achague mwenyewe. Lakini mimi nimeendesha gari huku miaka tisa, mkono ukaenda kushoto wenyewe, bila hata kuniuliza. Walter naye ni mtu wa hapa, usukani wa kushoto kwake ndio usukani. Hakuna aliyeshtuka.

Nikachukua wembe kulibomoa paa. Nduku akasimama mlangoni.

"Kioko, contest ni Saturday, na wewe ndio unavunja? Nani ata-notice?"

"Baba ata-notice."

"Baba haoni, Kioko."

"Ndio maana," nikamwambia. "Atashika."

Alivuta kiti akanimulikia taa ya simu. Paa lilitoka, lakini nguzo moja ya kioo cha mbele ikavunjika vipande vitatu, na plastiki nyembamba vile haiungiki. Usukani niliuhamisha, dashibodi nikabadilisha, pedali nikazing'oa moja moja. Nguzo ndiyo ilibaki. Nikachukua kijiti cha kuchokolea meno na kisu, nikaanza kuchonga. Cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilikuwa kinene. Kwa cha tatu nikakusikia kabisa ukisema nifuate nyuzi za mti, nisibishane nao. Kiliingia, kikakaa. Baba, mimi Kioko wa twiga wasio na masikio, nimechonga!

Jumamosi nikampeleka Walter na kiti chake cha magurudumu mpaka Carrollton. Majaji walikuja watatu, na tochi na kioo kidogo cha kutazamia chini ya chasi. Nguzo hawakuiona. Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa na kifaru, na nikisema ukweli kifaru chake kilikuwa kizuri, ingawa Walter alinung'unika njia nzima ya kurudi.

Lakini kilichonijaza moyo si nafasi ya pili. Kwenye kila meza kulikuwa na kadi yenye jina la gari. Kwenye kadi yangu niliandika jina la dereva: Mutisya, wa Wamunyu, Ukambani, dereva, Bama. Watu walisimama kusoma. Mmoja aliniuliza kama kweli Waafrika walifika kule, nikamwonyesha picha. Na yule bwana aliyekuwa akifagia ukumbi, Mkongo wa upande wa Bukavu, aliisoma kadi mara mbili halafu akaniambia, "Ndugu, hata miye babu yangu alienda mu vita na Wabeleji. Lakini hatuna ata foto." Alibaki ameegemea fagio lake pale, na mimi nikabaki naye, mpaka akaitwa. Nilijivuna siku ile, Baba, sitaki kukuficha. Nilitembea katika ukumbi ule kama mwenye nyumba.

Sasa mkishafungua, weka vidole vyako kwenye bampa. Juu yake utakuta pua fupi, halafu kioo cha mbele. Katika nguzo mbili za kioo moja si plastiki. Najua utaitambua kabla Mwende hajakuonyesha, na nataka uniambie kama imenyooka. Usinifiche kwa huruma. Nyuma utashika turubai, ni kitambaa cha leso nilichokikausha kwa gundi. Magurudumu yanazunguka.

Nisalimie Mama sana, mwambie dawa za presha azimeze kila siku, si siku anazojisikia tu. Nisalimie Mjomba Nzioki, kaka mkubwa wa Mama, na umwambie kwamba bado nakumbuka ni yeye aliyenisindikiza uwanja wa ndege. Shangazi wa Kitui naye, na shemeji yangu mume wa Mwende, mpole kuliko anavyostahili Mwende. Mwende, hapo pia usome.

Neno la mwisho ni lako peke yako, Baba. Ukiingiza kidole ndani ya kebini utakuta kiti cha dereva hakina mtu. Kiwanda kilituma dereva wa plastiki. Nilimpaka rangi mara tatu, na mara zote alibaki mgeni ndani ya lori la watu, nikamtoa. Mimi Babu sikumwona. Alikufa kabla sijazaliwa. Picha ile uso umeingia kivulini, hauonekani. Wewe ndiye uliyemnyoa ndevu kila Jumamosi alipozeeka na mkono wake kukosa nguvu. Vidole vyako vimepita kwenye taya lile, kwenye kidevu, kwenye mashavu, miaka na miaka. Kazi hii haitaki macho, na hapa duniani hakuna mwingine anayeiweza.

Akiwa ameketi, urefu wake ni kidole chako cha kati. Mchonge, Baba. Usipomchonga wewe, lori hili litakaa bila dereva, maana mimi sitampakia mtu mwingine.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Kioko