Masharti ya Dawa ya Mende

Bunia, Bigo

Kwako Papa wangu,

Barua yako imenifikia. Ule mufanyabiashara wa samaki aliitoa ndani ya soksi yake, inanuka safari yote toka Bukavu. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Magoti yako inaendelea namna gani? Mama anakukanda na maji ya moto, ao bado unamukimbia? Siye huku tuko. Chakula ni kidogo na masomo imefungwa, miye mwalimu sina wa kufundisha, lakini mwili iko na roho iko. Usikonde juu yetu.

Sasa, umeandika jambo moja ambalo sikulipenda, na juu miye ni mutoto wako nitakuambia bila kuzunguka. Umesema: “Riziki, ukimbie uje huku, ile malle ya bande desine uwape wamama wa karanga wafungie karanga. Muchwa itaimaliza hata hivyo. Karatasi haistahili maisha ya mutu.” Papa, weye uliyekuwa unatukataza kugeuza ukurasa na mukono yenye mafuta, leo njo unasema karanga? Zile bande desine, hadithi za picha, ulinunua moja moja, kila mara kampuni ya zahabu ilikutuma mjini na lori toka Bambu. Siku ulipanda ndege na mufuko moja tu, uliniachia ile malle, sanduku ya chuma, ukasema “chunga”. Nimechunga. Sikiliza namna nimechunga.

Kwanza nilikosea. Niliweka malle chini, kwenye kona ya chumba, nikajiambia hii ni chuma, muchwa itapita wapi. Kumbe kutu ilikuwa imetoboa chini, na muchwa ilijenga udongo wake mpaka ndani. Siku nilifungua, nilikuta ile kitabu ya fundi wa saa imeliwa kwa nyuma, kurasa za mwisho imekuwa unga. Ile njo ulikuwa unatusomea kupita zote. Nililia, Papa. Sijalia namna ile hata siku risasi ilipita juu ya mabati yetu.

Nikapangusa machozi, nikaanza kazi. Migongo ya vitabu ilikuwa imeachana, basi nikapika kole ya unga wa muhogo, ile tunatumia darasani kubandika karatasi ukutani. Nilibandika migongo yote, nikajiona fundi. Kabla juma haijaisha, mende ilikuwa imejaa mule, inakula migongo kama watu wa arusi. Mama Safi, jirani yangu, alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mwalimu, weye uliipikia bugali,” akasema. “Mugeni akipikiwa, anarudi na ndugu zake.”

Huyu Mama Safi anauza karanga pale kwenye njia panda, na ujue macho yake iko kwenye vitabu yako toka zamani. Kila siku alikuwa ananiambia: “Ukichoka unipatie, ni karatasi nguvu, karanga haitoboe.” Lakini ni yeye alinifundisha kuchanganya pilipili ndani ya kole. Mende ilionja mara moja, ikatafuta nyumba ingine.

Halafu nikapandisha malle juu ya meza fupi, na kila muguu ya meza nikaisimamisha ndani ya kopo yenye mafuta chafu ya moteri. Muchwa na mende haiogelei mafuta. Kila jumamosi nilianika vitabu kwenye jua ya asubuhi, si ya saa sita, juu ile inakula rangi. Mwisho nikatengeneza dawa: majani ya tumbako iliyokauka, pilipili ya kutwanga, na jivu ya kuchekecha na kitambaa. Nilifunga kidogo kidogo ndani ya vipande vya ile pazia yetu nyekundu, nikakaza na uzi mweusi, nikaweka kila kona na katikati ya vitabu. Toka pale, hakuna mududu ilionekana. Hata Mama Safi alikubali.

Basi vita ikashuka mpaka Bigo. Watu walitoka asubuhi moja, wote upande wa uwanja wa ndege. Nilipata pusupusu, kigari ya kusukuma, nikapakia malle, na Mama Safi akapakia sufuria yake kubwa ya kukaangia karanga.

“Watu wanabeba mufarisi ya kulalia,” akasema, “mwenzangu anabeba picha.” Lakini alisukuma. Alisukuma kunipita.

Mbele tukakuta bariera. Vijana wenye bunduki walikuwa wanasimamisha kila mutu, na kando ya njia palikuwa kilima ya vitu: mufarisi, radio, majembe, kinga ya mutu, baiskeli nzima. Komanda wao, nasema komanda mukubwa wa askari, si ile mji ya Komanda ambako mume wangu amekwama na lori, alichukua sufuria ya Mama Safi akaitupa pale juu. Kisha akaniambia nifungue malle.

Nikafungua. Harufu ya tumbako ikatoka. Akaona vile vifurushi vyekundu, vimefungwa na uzi mweusi, vimepangwa kila kona. Akarudi nyuma hatua moja.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni dawa,” nikajibu. Ningesema neno gani lingine? Ya homa ni dawa, ya mende pia ni dawa.

“Ya kulinda?”

“Ya kulinda.”

“Inafanya kazi kweli?”

“Toka niiweke, hakuna hata moja imeingia.”

Papa, miye nilikuwa nasema mende. Lakini niliona uso wake inabadilika. Vijana wakakaribia, moja wao akatoa kofia. Komanda akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mutu yuko kanisani: “Na masharti yake?”

Pale njo nilielewa tunaongea dawa mbili. Unajua namna iko hapa kwetu Ituri: dawa ya vita haiendi bila masharti. Usile hiki, usiguse kile, ukivunja dawa inakufa na weye unakufa nayo. Nikimuambia mbele ya vijana wake kwamba ni dawa ya mende, atasikia nimemuita mende, na watu wamekufa juu ya neno dogo kuliko lile. Mama Safi alikuwa ananiangalia, anatikisa kichwa polepole: usiseme, usiseme.

Basi nikajibu ukweli wa ile dawa. “Isilowe maji. Isiguse mafuta.”

“Na ingine?”

Nikaangalia ile sufuria juu ya kilima ya vitu. “Na mwenye kuivaa asichukue kitu ya mutu. Siku anachukua, inakuwa majani tu.”

Hapo sikudanganya sana, Papa, maana ni majani tu toka mwanzo.

Komanda aliangalia ile kilima ya vitu, kama mutu anayefanya hesabu ndani ya moyo. Kisha akasema: “Murudishie watu vitu yao.” Walirudisha. Walichukua dawa yote, wakafunga kwenye mikono, lakini vitabu hawakugusa hata kimoja, waliviogopa. Tulisukuma pusupusu bila kugeuka mpaka kambi ya wakimbizi, pale uwanja wa ndege.

Watu walinisifu kule kambini, lakini roho yangu haikutulia. Mutu akiamini majani, atasimama mbele ya risasi. Wale ni watoto wa watu, Papa, hata kama walitufukuza. Nilikuwa bado najiuliza nifanye nini, siku moja komanda mwenyewe akaja ananitafuta kati ya mahema. Mama Safi akasimama mbele yangu na sufuria mukononi, angemupiga nayo kweli. Nikamutoa kando, nikamukabili yule mwanaume.

“Baba, ile dawa ni ya mende,” nikamuambia. “Ni ya kulinda vitabu. Risasi haijui tumbako. Uwaambie vijana wako walale chini kama watu wote.”

Alishika kifurushi kwenye mukono yake, akakikamua na kidole. Nilingoja anipige.

“Toka tuivae hawagusi tena kitu ya mutu,” akasema. “Na wanapata usingizi. Mama, usiwaambie. Hiyo ya kulala chini nitawaambia miye. Nitasema ni sharti ingine, uliisahau siku ile.”

Akaenda. Sijui kama aliwaambia. Ile inanisumbua bado, na kila nikisali ninamutaja, bila kujua jina lake.

Sasa kuna jambo ingine, Papa, nataka kukuambia polepole. Kule kambini dawa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilianika vitabu kila asubuhi. Watu walikusanyika kuangalia picha, wakaniomba niwasomee. Nikaanza na ile ya fundi wa saa, na Kifaransa yangu ya mwalimu. Toka utoto sikuwa nimeisoma miye mwenyewe, nilikuwa na yako, ilinitosha. Papa, yule mutu si fundi wa saa. Ni polisi. Yule mama munene si mama mukwe wake, ni mwenye nyumba. Na ile saa kubwa ya mji haikuibiwa na mutu, imechorwa tu pale nyuma, inakaa.

Nikafungua zingine. Hakuna hata moja inasema yale ulikuwa unatusomea kule Bambu, siye tumekaa chini, weye kidole chako kinatembea chini ya maneno, pole pole, bila kuruka hata moja. Biblia ya Kiswahili unaisoma vizuri. Kifaransa, nimeelewa sasa. Nilicheka peke yangu. Nilikupenda siku ile kupita zamani zote.

Basi nikaacha Kifaransa, nikawasomea yako. Kidole changu pia kilitembea chini ya maneno. Nilipofika kwenye kurasa zilizoliwa, Mama Safi akauliza: “Na mwisho? Mwisho iko wapi?” Nikafunga kitabu, nikawapa mwisho: ni mama mukwe alificha saa ya mji chini ya kitanda, juu kila ikigonga, mukwe wake anakimbia kazini kabla hajamaliza bugali yake. Watu walicheka, hata wale waliokuwa wamefiwa. Mama Safi alipangusa macho na kitenge, akasema: “Papa yako anasoma vizuri.” Nikamujibu: ndiyo, anasoma vizuri sana. Na toka siku ile, mutu akitaja karanga na vitabu yako pamoja, ni yeye anagombana.

Tumerudi Bigo. Mulango ilivunjwa, nimeirudisha. Malle iko juu ya meza yake, miguu ndani ya mafuta, na dawa mupya iko ndani. Safari hii nimetumia kitambaa ya bluu.

Unisalimie Mama, umuambie aendelee na maji ya moto hata ukipiga kelele. Unisalimie kaka yangu mukubwa, Bahati, na umuambie ile kitabu ya simba mwenye miwani najua iko kwake, airudishe kabla mende ya Bukavu haijaijua. Unisalimie na shangazi yule mwimbaji wa kwaya, sauti yake tunaikosa. Mume wangu anakusalimia toka Komanda. Mutu wa moto, dereva wa pikipiki, alileta habari yake, anasema barabara ikifunguka tu anakuja. Namungoja hapa, kwa hiyo usiniambie tena nikimbie.

Papa, ulisema karatasi haistahili maisha ya mutu. Ni kweli, na sikubeba malle kwa ajili ya karatasi. Lakini nimefungua zingine zote, na nyingi nimekuta naelewa Kifaransa yake na nimesahau ile ulikuwa unatusomea. Muchwa haikuzigusa, na bado imeliwa. Kwa hiyo ukae karibu na dirisha, uandike, na Kiswahili yako, moja moja: yule mwenye ngalawa alikuwa anatafuta nini, na yule mwenye kofia ndefu alimuoa nani. Unitumie ndani ya soksi ya yule yule. Picha nitalinda miye.

Mutoto wako uliyemusomea,

Riziki