Kiti cha Nyuma Kushoto: Kumkumbuka Sajini Okwera

Mwaka mzima sasa, Baba, tangu utuache, na gari yako Pijo imesimama hapa Kasubi bila mtu wa kuifuta vumbi kila asubuhi kama wewe, hata siku ya mvua.

Ulikuwa dereva, tena dereva wa Keya, jeshi la Waingereza. Ulimwendesha ofisa wao Thornley akiwa Kapteni, akawa Meja, akawa Kanali. Uhuru ulipokuja akarudi kwao, lakini kadi za Krismasi zikafuata: sasa Brigedia, sasa Meja Jenerali. Kila cheo chake ulichinja kuku. Sisi tukipasi mtihani ulisema, "Vizuri." Thornley akipanda, kuku!

Mama yetu Laker aliumia. Hakuwa na wivu wa mwanamke mwingine, wivu wake wote ulikuwa kwa huyo Mzungu. "Mzee ameoa watu wawili," alikuwa anasema, "na mimi ndiye mdogo."

Lakini kilichomchoma kabisa ni gari. Baada ya vita ya mwaka themanini na sita ulinunua Pijo, ukawa unampeleka sokoni Kikuubo kwenye duka lake la vitenge. Ulimfungulia mlango wa nyuma, kushoto, akae huko peke yake. Mbele hakuna mtu. Rosebella, yule Mkenya jirani yake wa duka, akimuona anashuka: "We Laker! Bwana yako amekuleta nyuma tena kama gunia ya mchele?"

Mama akakuuliza, "Mbele unamwekea nani? Thornley?"

Ulicheka tu, ukawasha gari. Hukuwa mtu wa kueleza.

Siku ya mazishi yako Mama alilia hilo hilo. Ndipo Saverio, dereva mwenzako wa Keya, akamwambia, "Shemeji, wewe! Mbele tulimweka askari wa kulinda. Nyuma kushoto ni kiti cha mkubwa. Thornley alikaa hapo mpaka anaondoka Uganda."

 Tangu hapo, jioni Mama anaingia kwenye Pijo, anakaa pale pale. Hata wajukuu anawafukuza.

Sasa mwezi uliopita tumepata habari: Jenerali Thornley naye amekufa. Tulidhani Mama atasikitika. Akasimama, mikono kiunoni:

"Amemfuata! Mwambieni baba yenu, huyo Mzungu akae mbele."

Ujumbe ndio huo, Baba. Mwenye kiti anakuja, ila hana haraka.

Tunaokukumbuka ni mkeo Laker, sisi watoto wako Lakica, Santo na Otema, wajukuu wote, na rafiki yako Saverio.

Hatutakusahau siku hata moja. Na Pijo hatuuzi.