Nesi wa Chumba cha Runji

Majengo, Meru
Jumamosi, 21 Novemba 1998

Shangazi mpendwa,

Runji ametangaza leo mchana kwamba mimi ndiye nitakayewakilisha chumba chake cha gemu kwenye mashindano ya Embu, Jumamosi tarehe 17 Aprili mwakani. Alisimama mlangoni ili hata walio nje wasikie. Nimeona nikuandikie kabla baba hajakuandikia, maana yeye ataiita kamari.

Hujambo wewe, na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima. Nyanya bado analalamikia goti, lakini Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi. Mtihani wa darasa la nane tulimaliza, tunangoja majibu.

Kwa kuwa huamini kitu mpaka kielezwe, acha nikueleze. Runji ni mtu wa huko Embu aliyekodi chumba hapa nyuma ya msikiti. Ana televisheni, mashine ya gemu na benchi. Mchezo unaopendwa ni wa kupigana. Maandishi yake ni ya Kijapani na hakuna anayeyasoma, kwa hiyo wapiganaji tumewapa majina yetu. Kuna Askari, Konda, Padri, Mchinjaji, na mwanamke mmoja aliyevaa nyeupe tunayemwita Nesi. Mimi humtumia Nesi. Nikiwa naye, hapa Majengo hakuna anayenishinda.

Shemeji yake Runji, anayeitwa Njuki, ana chumba kama hicho Embu, na mashindano ni kati ya vyumba hivyo viwili. Kila mchezaji ataandikisha mpiganaji mmoja, na Machi ikiisha hawezi kumbadilisha. Mshindi anapewa mashine yake mwenyewe.

Mpwa wako,
Kaimenyi


Embu
Jumatatu, 30 Novemba 1998

Mwanangu Kaimenyi,

Njuki amethibitisha tarehe ya mashindano na kanuni ile ya kuandikisha. Nilimwuliza mwenyewe.

Barua yako ilifika salama. Oscar alishikwa na malaria, sasa amepona na ameanza tena kupigana na dadake, ndiyo dalili ninayoiamini. Mpe nyanya pole ya goti, umwambie dawa niliyompelekea ni ya kupaka, si ya kuweka kabatini.

Mhariri wa gazeti letu anataka habari za vijana, kwa hiyo nilikaa kwa Njuki alasiri moja. Wavulana wengi huchagua Askari. Nilipouliza kwa nini, walisema ana bunduki. Niliangalia kwa makini, hana bunduki. Nesi hakuchaguliwa na mtu. Mchezaji wao bora ni Tabby, binti wa Njuki, aliye kidato cha tatu, naye humtumia Mchinjaji, jitu lenye kifua kama pipa. Nilimwuliza kwa nini hachukui mwanamke mwenzake.

"Mama Oscar," akaniambia, "mwanamke mwenzangu ana mikono mifupi."

Wavulana wanamwita Bucha, naye anaitika.

Sasa nijibu wewe. Kwa nini Nesi? Na ukiwa unacheza, unajiona wewe ndiye yule mwanamke? Jibu kama ilivyo, si kama unavyodhani nataka kusikia.

Shangazi yako,
Veronicah


Majengo, Meru
Jumatano, 9 Desemba 1998

Shangazi,

Nashukuru kwamba Oscar amepona. Hapa hakuna mgonjwa. Nyanya anasema dawa ina harufu ya ng'ombe, lakini ameanza kupaka.

Umeuliza kwa nini Nesi. Nilipoanza kwenda kwa Runji nilikuwa mdogo kuliko wote, na wakubwa walikuwa wameshagawana wale wengine. Nesi alibaki, nikapewa, kama mtoto anavyopewa shingo ya kuku. Nikaitafuna mpaka nikajua ina nyama. Teke lake linafika mbali kuliko panga la Mchinjaji, ila lazima ulirushe ukiwa unarudi nyuma, na watu hawapendi kurudi nyuma.

Kujiona mwanamke, hapana. Wala sijioni mwanamume. Naona nafasi iliyopo kati yake na yule anayempiga, basi.

Jumatatu tunaingia jandoni, Kianjai, kwa babu. Mlezi wangu ni Mwongera, yule fundi wa nguo. Kule hakuna kuandika barua wala kupokea, kwa hiyo usingoje jibu mpaka Januari.

Mpwa wako,
Kaimenyi


Embu
Jumatatu, 4 Januari 1999

Kaimenyi,

Baba yako amenipigia simu kutoka posta kusema unaendelea vizuri na kidonda kinakauka. Barua hii nimemwomba akuwekee mpaka utoke.

Mwaka mpya ulitukuta wazima. Majibu ya mtihani wako yatafika kwake. Mimi nitayangoja kwako.

Gazeti la tarehe 18 Desemba lilichapisha habari yangu kwenye ukurasa wa vijana. Nimekunukuu ulivyosema, na jina lako lipo. Mhariri aliipa kichwa "Shujaa wake ni mwanamke", ambacho si kichwa nilichokipeleka. Habari yenyewe haikuguswa. Tabby amebandika ukurasa huo ukutani kwa baba yake, na tangu hapo wavulana wawili wamemjaribu Nesi. Wote wawili walipigwa wakarudi kwa Askari.

Shangazi yako,
Veronicah


Majengo, Meru
Jumapili, 24 Januari 1999

Shangazi,

Mwongera amesema mwanamume haingii katika mwili wa mwanamke, hata kama ni mwili wa televisheni. Alisema hayo mbele ya rika langu lote, na rika limekubali.

Pokea salamu. Nilitoka Jumamosi ya tarehe 16. Nimepona. Mama ananipikia, lakini siingii tena jikoni, na wavulana ambao hawajatahiriwa sikai nao. Hayo nilikuwa nayajua. Hili la Nesi sikulijua.

Gazeti lilifika jandoni kabla ya barua yako. Wakubwa waliokuja kututembelea walileta nyama, na muuza nyama alikuwa ameifungia ndani ya ukurasa wako. Mwongera aliukunjua, akaufuta damu, akasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Kumbe tuna nesi humu," akasema. "Basi tusiogope vidonda."

Kathuri, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alicheka mpaka ikabidi ajishike.

"Sista," akaniambia, "nitazamie bandeji."

Sikujibu, kwa sababu kule huongei mpaka uruhusiwe. Nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikowafanya waone ni jambo kubwa.

Wamesema nimchukue Askari. Nikimgusa Nesi tena, rika halitakula nami. Wewe ni mtu wa Kianjai, unajua maana yake. Sitaitwa kwenye sherehe zao, sitasimama kwenye harusi ya mtu, na baba akifa hawatakuja kuchimba kaburi. Mimi ni mwanamume wa wiki moja, Shangazi. Nimekubali Askari.

Sikulaumu kwa gazeti. Lakini ungengoja.

Mpwa wako,
Kaimenyi


Embu
Jumatano, 3 Februari 1999

Mwanangu Kaimenyi,

Njuki anasema mpiganaji ambaye Runji alimwandikisha kwa upande wa Meru bado ni Nesi, na anaweza kubadilishwa hadi tarehe 31 Machi. Nimeuliza mara mbili.

Tu wazima. Nimefurahi kwamba umepona na kwamba umepata nafasi kwenye shule ya kutwa, karibu na nyumbani.

Nilichoandika kilikuwa kweli. Lakini aliye jandoni hatajwi na mwanamke mbele za watu, na mimi sikuhitaji kuambiwa hilo na mtu. Nilikulia hapo hapo. Nilifikiria tarehe ya gazeti, sikufikiria tarehe yako. Kosa hilo ni langu.

Nilimweleza Tabby yaliyotokea. Aliuliza kama huyo mlezi wako huwa anacheza. Nikasema sidhani.

"Basi anajuaje nani yuko ndani?" akasema. "Mimi siko ndani ya televisheni. Niko kwenye benchi."

Tabby hana rika la kumnyima chakula, kwa hiyo sikuletei maneno yake kama ushauri. Nakuletea kama yalivyosemwa. Chakula utakachokosa ni chako, si changu wala chake.

Shangazi yako,
Veronicah


Majengo, Meru
Jumapili, 14 Machi 1999

Shangazi,

Runji amesema ataniondoa nikiendelea hivi. Jana nilipigwa na muuza mahindi aliyeingia kukwepa mvua, na ilikuwa mara yake ya kwanza kushika mashine.

Naomba radhi kwa kukaa kimya. Shule ni nzuri. Nyumbani hakuna tatizo, ila nyanya ameanguka kidogo na goti limerudi kuuma.

Askari ni mzito. Anataka mtu anayekwenda mbele, na mimi kila nikikaribiwa mkono unatafuta teke ambalo hana. Juzi Mwongera alipita kwa Runji kuona kama natii. Nusu ya rika ilikuwa humo ndani. Nikamwomba acheze na Nesi mara moja tu, ajionee.

"Mimi?" akasema. "Mtu mzima, mwenye mke?"

"Mwongera, wewe unashona nguo za akina mama," nikamwambia. "Nimekuona dukani umejiwekea rinda kifuani, unajitazama kwenye kioo."

"Hiyo ni kupima. Ni kazi."

"Hata hii ni kupima."

Watu walicheka, na wakati huu hawakunicheka mimi. Mwongera alicheka pia, lakini akaacha kabla ya wengine. Alisema nimemjibu vizuri na kwamba jibu zuri halibadilishi neno la rika. Rika likishasema, limesema. Kathuri akaongeza kwamba nikienda Embu na Nesi, yeye hatanijua.

Muda nilio nao ni mpaka tarehe 31. Usiandike chochote gazetini.

Mpwa wako,
Kaimenyi


Embu
Alhamisi, 1 Aprili 1999

Kaimenyi,

Njuki alifunga orodha jana jioni. Embu: Tabby, na Mchinjaji. Meru: Kaimenyi, na Nesi.

Hukuniandikia, kwa hiyo habari nimezipata kwake. Sikuulizi sababu kwa sasa.

Tu wazima. Ijumaa ya tarehe 16 utalala kwetu. Oscar atakupa kitanda chake na atalalamika. Mchezo unaanza saa nne asubuhi. Nitakuja kama shangazi, sitakuja na kalamu.

Shangazi yako,
Veronicah


Majengo, Meru
Jumapili, 25 Aprili 1999

Shangazi,

Mwongera aliamua jana kwamba nitatoa kondoo.

Asante kwa kunilaza na kwa uji wa asubuhi. Msalimie Oscar. Nilifika nyumbani salama, na nyanya sasa anatembea na fimbo. Hukusema kitu Tabby aliponishinda, nami nashukuru kwa hilo kuliko kwa uji. Uliona mwenyewe: raundi ya mwisho nilirudi nyuma mpaka nikafika ukingoni mwa skrini, na teke likakosa nafasi. Yeye alikuwa amejifunza kuningoja. Hilo si kosa la Nesi.

Hukuniuliza kwa nini nilimwacha aandikwe, na sasa nikuambie. Siku moja kabla ya orodha kufungwa nilicheza na Askari peke yangu. Chumba kilikuwa kitupu, hakuna wa kunicheka wala wa kunikataza. Nikaona bado namchezesha kama Nesi. Anarudi nyuma kutafuta nafasi ambayo hawezi kuitumia. Ningekuja naye Embu, ningekuwa nimekuja kushindwa kwa adabu. Nikamwambia Runji aache jina kama lilivyo.

Wiki hii nzima nimekula peke yangu. Tumefunga shule, lakini nikikutana na Kathuri njiani ananipita kama nguzo ya simu. Nilidhani ni kwa sababu nilishindwa. Mwongera amesema hapana. Amesema ningeshinda ningetoa kondoo wawili, kwa sababu kungekuwa na kiburi juu yake.

Kikao kilikuwa Kianjai. Kathuri ndiye aliyesimama kunishtaki, akaongea vizuri kama mwalimu. Alipomaliza, kijana mmoja wa nyuma akauliza kama ni kweli Kathuri alionekana kwa Runji Jumatano akimchezesha Nesi.

"Nilikuwa natafuta kasoro yake," Kathuri akasema.

"Ukaipata?"

"Bado."

Ikajulikana kwamba wengine wawili nao walikuwa wanaitafuta kasoro hiyo hiyo. Mwongera aliwaacha wacheke wamalize, kisha akanigeukia.

"Kosa lako si mwanamke," akasema. "Rika lilisema, ukatenda kinyume, wala hukurudi kutuuliza."

"Ningerudi kuuliza mngesemaje?"

"Tungekataa."

"Sasa?"

"Sasa ungekuwa umeuliza."

Nikauliza kuhusu Nesi, kama bado nimekatazwa. Alitazama wale watatu, akasema hataki tena kesi ya televisheni, na kwamba tukimtoza kila mtu kondoo, sehemu yetu yote ya Tigania itabaki bila kondoo.

Baba amekubali kunipa mnyama, nami nitamfanyia kazi shambani likizo hii yote. Kondoo atachinjwa Jumamosi tarehe 8 Mei, nyuma ya nyumba ya kina Kathuri. Wanawake hawaji, kwa hiyo sitakualika. Mpaka siku hiyo naendelea kula peke yangu.

Mwambie Tabby marudiano ni hapa kwa Runji, Jumamosi tarehe 14 Agosti. Nimeshamwandikisha Nesi.

Mpwa wako,
Kaimenyi